Kijarida cha mbunge wa jimbo kisomwe kabla ya kutupwa

Ndugu Mhariri,

Nimesoma barua ya msomaji wenu aliyesema kwamba vijarida ambavyo wabunge wa mabunge ya majimbo ya huku Marekani (si wale wa Washington) hututumia majumbani ni kampeni tupu inayolipiwa na kodi zetu, na kwamba yeye akikikuta kwenye sanduku la barua anakipeleka moja kwa moja kwenye pipa. Nusu ya hoja yake naikubali, nitaifikia. Kwa nusu ile nyingine anawapotosha watu, hasa wazee. Mimi kazi yangu ni kutunza wazee majumbani hapa Erie, Pennsylvania, na ninajua ni nini kinachopotelea kwenye mapipa hayo.

Nianze na pesa, maana ndizo zinazoeleweka haraka. Miezi ya mwanzo wa mwaka kijarida huwa na kisanduku kidogo, mara nyingi ukurasa wa ndani chini ya picha za mheshimiwa akikata utepe, kinachoeleza marejesho ya kodi ya majengo na pango. Mpango huu upo tangu 1971, na unaendeshwa kwa mapato ya bahati nasibu ya jimbo na kamari. Anayestahili ni mwenye miaka 65 au zaidi, mjane au mgane mwenye miaka 50 au zaidi, na mtu mwenye ulemavu kuanzia miaka 18. Zamani mpangaji mwenye mapato yaliyozidi dola 15,000 kwa mwaka hakuwa na chake, ilhali mwenye nyumba aliruhusiwa kufika dola 35,000. Yaani aliyekuwa na nyumba yake ndiye aliyehurumiwa zaidi! Sheria ya 2023 ikawaweka wote kwenye dola 45,000 kwa maombi ya 2024, kiwango ambacho sasa kinapanda kufuata gharama za maisha, na nusu ya malipo ya Social Security, yaani pensheni ya serikali kuu, haihesabiwi kabisa. Marejesho ya juu yakatoka dola 650 hadi 1,000, na ya chini ni dola 380.

Wazee wetu wengi waliwahi kuomba zamani wakaambiwa hawastahili, wakaufunga mlango huo moyoni mwao. Hakuna aliyewagongea tena kuwaambia masharti yamebadilika. Mama mmoja wa Kikongo ninayemtunza alikuwa amekibana kijarida hicho kwenye mlango wa jokofu kwa sumaku ya pizza, kwa ajili ya kalenda iliyokuwa nyuma yake. Habari ya marejesho ilikuwa upande wa pili, imelalia jokofu.

Tulipokwenda ofisini kwa mbunge, karani alimwomba vitu vitatu tu: kitambulisho, karatasi ya mapato ya Social Security, na cheti cha pango chenye sahihi ya mwenye nyumba. Hapo kwenye sahihi ndipo wapangaji wengi hukwama. Mwenye nyumba hapokei simu, au anaishi jimbo jingine, au anadhani anatafutiwa kosa na watu wa kodi. Kwa mpangaji ambaye mwenye nyumba wake amegoma, fomu ina sehemu ya kiapo cha kujaza mwenyewe. Sisi tungeihangaikia wiki nzima. Yule karani aliifunua bila hata kutazama. Na hakutoza kitu. Nasisitiza hilo kwa sababu wapo watu katika jumuiya zetu wanaochukua pesa za wazee kwa kujaza fomu ambayo ofisi ya mbunge na ofisi za huduma za wazee za kaunti huijaza bure. Mwisho wa kupeleka maombi ni Juni 30. Miaka ya karibuni tarehe hiyo imekuwa ikisogezwa hadi Desemba 31, lakini mtu asijipange kwa kutegemea hisani.

Nadhani kinachotuponza ni mazoea tuliyotoka nayo. Kwetu Mwanza ukisema unaenda ofisi ya mbunge, watu wanajua unafuata ada ya mtoto au mchango wa msiba, na wanakutakia heri kwa sauti ya kukuhurumia. Huku mheshimiwa hakupi senti. Anachokupa ni makarani wake, na hao wana thamani kuliko noti ya kupewa mlangoni. Wanashughulikia leseni ya udereva na kadi ya gari, cheti cha kuzaliwa cha mtoto aliyezaliwa hapa, malipo ya kukosa kazi yaliyokwama, msaada wa kupasha nyumba joto wakati wa baridi. Mambo ya magari peke yake yanatosha kumfikisha mtu pale: maduka yanayojaza karatasi za PennDOT, idara ya usafiri ya jimbo, hutoza ada yao juu ya ada ya serikali, wakati ofisi ya mbunge haiongezi kitu. Hakuna anayekuuliza ulimpigia nani kura, wala kama una haki ya kupiga kura. Unaulizwa unaishi wapi, basi.

Lakini msipeleke kila kitu huko. Nimeona watu wakibeba bahasha nzima ya kesi ya uhamiaji, kadi ya kijani, au kuwaita watoto waliobaki kambi za wakimbizi, wakakaa kwenye foleni ya mbunge wa jimbo. Hana uwezo nayo. Hayo ni ya serikali kuu, na anayeweza kuulizia faili lako ni mbunge wa Washington, ambao Pennsylvania inao 17, au mmoja wa maseneta wawili. Nao wana ofisi mitaani na makarani wa kazi hiyo hiyo. Bunge la jimbo lililoko Harrisburg, mji mkuu wa Pennsylvania, ni jingine: wawakilishi 203 na maseneta 50. Sisi wa kutoka nchi yenye mbunge mmoja kwa jimbo la uchaguzi tunachanganyikiwa, na si ajabu, maana mtu mmoja huku anawakilishwa na mwakilishi na seneta wa jimbo, mwakilishi wa Washington na maseneta wawili wa huko, kabla hujafika kwa meya.

Kitu kingine ambacho kijarida hukitaja kila mara na watu hawakiamini ni mali zisizodaiwa. Hazina ya jimbo inashikilia mabilioni ya dola za watu: mishahara ya mwisho ambayo hundi zake hazikufika, amana za umeme, akaunti za benki zilizosahaulika. Unatafuta jina lako kwenye tovuti ya Hazina bila malipo. Kwa watu wetu nina ushauri mmoja: tafuteni kwa kila namna jina lenu lilivyowahi kuharibiwa. Ukiitwa Mwanaidi, jaribu likiwa limekatwa vipande viwili. Kama jina la babu liligeuzwa kuwa la ukoo kambini, na la baba likatumika kazini, jaribu yote mawili. Kiwanda kilichoandika jina vibaya ndicho hicho kilichopeleka pesa zako Harrisburg kwa jina hilo baya. Halafu tangu 2025, kwa sheria iliyopitishwa mwaka uliotangulia, Hazina huwarudishia baadhi ya watu kiasi kisichozidi dola 500 bila wao kuomba: inakuja barua, kisha hundi. Sisi tukiona barua ya serikali inayosema ina pesa zako tunasema utapeli, tunachana. Kuwa na wasiwasi ni haki yako. Ila kabla ya kuichana ichukue uende nayo ofisini kwa mbunge, wakuambie kama ni ya kweli.

Mengine nayapitia haraka. Kijarida kitakuambia mbwa wako mwenye umri wa miezi mitatu anahitaji leseni ya kaunti, jambo ambalo kila mgeni wetu hulicheka hadi apigwe faini. Kitakuambia ukimwona yule mdudu aitwaye spotted lanternfly, mwenye mabawa ya madoadoa, aliyeonekana mara ya kwanza kaunti ya Berks mwaka 2014, mponde. Kitakutajia siku mbili za mwaka ambazo kila mtu anaruhusiwa kuvua samaki bila leseni, moja ikiwa Julai 4. Kwa sisi watu wa ziwa, hizo zinafaa kuandikwa ukutani.

Sasa niifikie nusu ninayoikubali. Msomaji wenu ana haki kabisa kusema kwamba kijarida hukwepa kile ambacho mbunge ameajiriwa kukifanya. Bajeti ya jimbo kwa mwaka wa fedha ulioanza Julai 1, 2025 ilitakiwa kuwa tayari Juni 30. Gavana Josh Shapiro aliitia sahihi Novemba 12. Zaidi ya miezi minne! Baraza la Wawakilishi lilikuwa mikononi mwa chama cha Democrat kwa tofauti ya kiti kimoja, Seneti ilikuwa mikononi mwa chama cha Republican, na walikwama kwenye ukubwa wa matumizi na pesa za mabasi na treni. Kaunti, shule na mashirika ya huduma yakabaki yanasubiri fedha za jimbo, mengine yakakopa, mengine yakapunguza watu. Kijarida nilichopokea katika miezi hiyo kilikuwa na picha ya mheshimiwa kwenye maonyesho ya fataki, tangazo la siku ya kuleta karatasi zako za siri zikatwekatwe bure, na sentensi moja kwamba anaendelea kupigania bajeti yenye busara. Sijui busara hiyo ilikuwa ya upande gani. Kwa mtu anayelipwa zaidi ya dola 100,000 kwa mwaka, ningetegemea walau aya mbili za kueleza amepiga kura ipi na kwa nini.

Kwa hiyo mimi nasema kijarida kisomwe kama kinavyosomwa kipeperushi cha duka kubwa: unachukua bei, huamini picha. Kura za mbunge zipo wazi kwenye tovuti ya Bunge la Pennsylvania, muswada kwa muswada, jina kwa jina. Ukienda kufuata marejesho ya pango, muulize karani swali la kura pia. Ataandika, na maswali yanayoandikwa hupelekwa Harrisburg. Novemba 2026 viti vyote 203 vya wawakilishi vinagombewa, na wale wetu waliokwisha kula kiapo cha uraia wana sababu ya kutaka majibu hayo mapema.

Lipo jambo moja ambalo nawaomba wabunge wenyewe, kama kuna anayewatafsiria gazeti hili. Vijarida ninavyoviona huja kwa Kiingereza. Matokeo yake ni kwamba mtoto wa miaka 12 ndiye anayemsomea bibi yake masharti ya mapato, kisha anakwenda naye ofisini kutafsiri. Mtoto yule anajua sasa bibi ana shilingi ngapi, anadaiwa umeme kiasi gani, na marehemu babu aliacha nini. Wazee wengine wanakataa kwenda kwa sababu hiyo tu, na wanawaficha hata watunzaji wao. Mkalimani wa simu kwa Kiswahili angemaliza tatizo hili kwa robo saa. Na wazee waelezwe waziwazi kwamba wanaweza kumwomba, maana hawajui kama ruhusa hiyo ipo.

Kwako Mhariri, ombi langu ni safu ndogo ya kila mwezi, hata robo ukurasa: tarehe za mwisho za maombi, ofisi ipi kwa shida ipi, na kura moja au mbili kubwa za mwezi huo na nani alipiga upande gani. Kwa Pennsylvania niko tayari kuwaletea vijarida vyote vinavyofika kwenye nyumba ninazofanyia kazi, baada ya wenyewe kumaliza kutumia kalenda zake.

Mtunza wazee,
Erie, Pennsylvania