Gitaa la mpwa wangu lirudishwe

Bwana Mhariri,

Wiki chache zilizopita, katika kikundi kimoja cha maombi hapa Katuba, vijana waliambiwa walete flashi, kaseti na kila chombo cha muziki wa rock, kwa kuwa nyimbo hizo zikipigwa kinyumenyume zinamsifu Shetani. Mpwa wangu wa miaka 15 alipeleka gitaa lake. Limefungiwa kabatini mpaka leo. Mimi ni mwalimu wa kwaya, nasali kama wao wanavyosali, na jambo hili limeniuma sana.

Kwanza nilisikiliza. Kijana alikuwa na kipande walichochezewa siku ile, cha wimbo wa kundi la rock la Led Zeppelin wa mwaka 1971, kimegeuzwa kwa simu. "Mjomba, munasikia? Hapo anamtaja Shetani." Kweli, nilisikia kitu kama hicho. Jioni nikawachezea majirani watatu bila kuwaambia lolote. Mama anayeuza mikate kwenye kona alisema ni mtu anaita mbwa wake. Mume wake alisikia "bukari", yaani ugali. Wa tatu aliniomba nizime, kichwa kinamgonga. Nikawaambia sasa msikilizeni Shetani, nikarudia kipande kilekile. Wote watatu walishtuka: huyo hapo!

Wataalamu wawili wa Kanada, John Vokey na Don Read, waliandika hayohayo mwaka 1985 baada ya kuwapima watu. Maneno yaliyogeuzwa hayampi msikilizaji maana yoyote, lakini ukimwambia kwanza asikie nini, atakisikia.

Usiku ule sikulala mapema. Nilirekodi sauti yangu nikisema "amani", nikaigeuza. Ikatoka "inama", safi kabisa, hata mkazo umebaki palepale katikati. Nikasema "adui", simu ikanijibu "Yuda". Nilikaa nayo mkononi nikiwaza juu ya Jumapili zote tulizopeana mikono kanisani na kutakiana amani. Hakuna aliyemwamuru mwenzake ainame. Kiswahili kina irabu tano tu, na maneno yetu ukiyageuza, lazima mengine yaangukie juu ya maneno mengine. Bahati hiyo haina mwandishi.

Mashtaka ya namna hii yaliwahi kufika hata mahakamani, na huko palikuwa na msiba wa kweli. Huko Reno, Marekani, mwaka 1990, kundi la rock la Judas Priest lilishtakiwa na familia za vijana wawili waliojipiga risasi mwaka 1985. Ilidaiwa kwamba albamu yao ilificha maneno ya kuwasukuma vijana hao wajiue. Mwimbaji Rob Halford alizigeuza nyimbo zao mwenyewe, akamletea hakimu alichokipata: sauti kama ya mtoto anayemlalamikia mama yake kwamba kiti chake kimevunjika. Kundi lilishinda kesi. Mimi naona kiti kile kilichovunjika kilifundisha zaidi ya mahubiri mengi.

Wapo wanaoficha maneno kwa makusudi. Kundi la Pink Floyd lilifanya hivyo mwaka 1979, na ukigeuza wimbo wao unakuta sauti inayokupongeza kwa kuugundua ujumbe wa siri. Uliowekwa na mtu ndivyo ulivyo: unasikika waziwazi, haungoji kiongozi akuandikie kwanza ubaoni. Tena kijana wetu, wimbo wa Kiingereza ukipigwa sawasawa anauliza maana yake kwangu. Uliopinduliwa kichwa chini utamwingia kwa mlango gani?

Nawaomba viongozi wa kikundi kile wakusanye wazee watano ambao hawajaambiwa kitu. Wawachezee kipande, na kila mmoja aandike alichosikia kwenye karatasi yake kabla hawajasemezana. Karatasi zikilingana, nitakuja mwenyewe kuwaomba radhi mbele ya vijana wote. Zisipolingana, kabati lifunguliwe.

Katanga hii imelea gitaa. Mwenda Jean Bosco alirekodiwa Likasi, enzi hizo ikiitwa Jadotville, mwaka 1952, na wapiga gitaa wa nchi za mbali wakahangaika kufuata vidole vyake. Mpwa wangu alikuwa ameanza kuvifuata naye, polepole, kwa nyuzi tano, maana wa sita ulikatika Krismasi. Nimeshaununua. Uko mezani kwangu, bado umeviringishwa kwenye karatasi yake.

Mwalimu wa kwaya,
Katuba, Lubumbashi