Harambee ya Mibuyu Likoni: Uzio na Maji kwa Miche 50

Wazazi, walezi, wanafunzi wetu wa zamani na majirani wote wa Likoni, assalaam alaikum na amani iwe kwenu.

Kamati ya wazazi na walimu inawaita katika harambee Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa Februari, saa nane mchana, kwenye uwanja wa shule. Tunatafuta shilingi 200,000. Pesa hizi ni za mibuyu. Wengi wenu mtauliza mbona shule yenye mahitaji chungu nzima ichangishe kwa ajili ya miti, na swali hilo ni la haki, kwa hivyo tuvumilieni tueleze.

Ukivuka feri kuingia kisiwani Mombasa, tupa jicho mkono wa kulia uone mibuyu ya ufukwe wa Mama Ngina. Ile ilikuwapo kabla babu zetu hawajazaliwa. Huku kwetu ng'ambo bado tunayo mikongwe, lakini kila kiwanja kikipimwa mbuyu huonekana unakula nafasi, ukaangushwa. Na tembeeni mitaani mtafute mbuyu mdogo, wa kimo cha mtoto. Mtatembea sana. Mwaka 2022 sote tulisikia habari za mibuyu mikubwa iliyong'olewa Kilifi ili isafirishwe hadi nchi ya Georgia kupambia bustani, serikali ikaagiza uchunguzi. Watu walikasirika, na walikuwa na haki. Ila hasira peke yake haioteshi mbuyu mwingine.

Ua la mbuyu ni jeupe, kubwa, linaning'inia kichwa chini. Hufunguka jua linapotua, na kesho yake limeshanyauka. Usiku ule mmoja ndio riziki ya wengi. Popo wa matunda huja kunywa asali ya ua, unga wa chavua ukawaganda usoni na kifuani, wakaupeleka mti wa pili. Komba naye hupanda matawini akilamba fungu lake. Nondo wakubwa hufika, na kukipambazuka nyuki huwahi kilichosalia. Ua likidondoka, mbuzi hulila hapo chini. Buyu likishatunga huchukua miezi mitano hadi sita kukomaa, na hapo ndipo zamu ya tumbili. Shina likizeeka hufanya mapango, bundi wakapata pa kulala na kutagia.

Baadhi ya popo hao hulala katika mapango ya mawe ya matumbawe hapa hapa pwani, na usiku huruka mbali kutafuta chakula. Wakikosekana, mbuyu hauzai vizuri, na mabuyu mekundu ambayo watoto wetu hununua langoni hayatapatikana. Wazazi, tunawaomba kwa dhati muwakataze watoto kuwarushia popo mawe.

Mbuyu pia ni mti wa kiangazi. Kaskazi ikivuma na mvua zikikatika, hupukutisha majani ukaishi kwa maji uliyoyahifadhi ndani ya shina. Sisi ambao mifereji yetu hukauka wiki nzima tukanunua maji ya mkokoteni, mti usiodai maji ukishakua ni neema kubwa. Mwarobaini tunauheshimu, una dawa na una kivuli, lakini asili yake ni Bara Hindi na viwanja vya shule vimeshajaa mwarobaini. Tunataka sasa mti wa hapa kwetu, ambao wanyama wa hapa wanaujua.

Shida iko katika hayo maneno mawili: ukishakua. Wahenga walisema hata mbuyu ulianza kama mchicha, na watoto wa chama cha mazingira wamejionea. Jani la mche mchanga halijagawanyika kama vidole, ni jani moja tu la kawaida, na anayefyeka huung'oa akidhani ni gugu. Yeye akiuacha, mbuzi hauachi. Kupanda kwenyewe hakuna gharama: mbegu humwagiwa maji ya moto, zikalala humo usiku kucha ili ganda gumu lilainike, kisha zinaingia kwenye mfuko wa udongo. Gharama ni miaka mitatu ya mwanzo. Kamati imekataa kununua fulana na kukodi mahema kwa ajili ya siku ya kupanda, kwa sababu mche ulioachwa bila uzio baada ya picha kupigwa haufiki mwaka wa pili.

Kwa hivyo shilingi 3,000 zinatunza mche mmoja kwa miaka hiyo mitatu: nguzo nne, wavu wa waya, samadi, na maji ya kiangazi pale tutakapolazimika kuyanunua. Miche ni 50, jumla 150,000. Zilizobaki 50,000 ni za tangi la lita 5,000 na mabati ya kukinga maji ya mvua kutoka paa la madarasa. Maji yenyewe hayatakuwa mengi, kwani mzizi wa mbuyu mchanga ni mnene na ukilowa kupita kiasi huoza. Miche 12 itapandwa kando ya ukuta wa nyuma wa shule, mbali na madarasa na vyoo. Iliyobaki itagawiwa misikiti, makanisa na familia zenye nafasi ya kutosha, na kila mwenye kupokea atatia sahihi kwamba atautunza. Tunataka yote iwe ardhini mvua za mwaka zikianza, mwezi wa Aprili.

Tunawaambia ukweli mapema: mbuyu wa mbegu huweza kuchukua miaka 15, 20 au zaidi kabla ya kutoa ua la kwanza. Watoto wa Gredi ya 4 watakaoupanda huenda wakauona ukichanua wakiwa na watoto wao mkononi. Sisi tunaona hiyo ni sababu ya kuanza mwaka huu.

Asiye na 3,000 alete alichojaliwa. Jirani wawili au watatu wanaweza kuungana wakachukua mche mmoja. Fundi wa kuchomelea, mwenye nguzo za kutosha, mwenye samadi ya ng'ombe, mwenye mkokoteni wa kutukopesha siku mbili, wote tunawahitaji. Kina mama mnaopika mabuyu, tuwekeeni machache ya mbegu yakiwa bado ndani ya kaka, hasa ya mibuyu ya hapa Likoni. Mlioko kisiwani, bara au Uarabuni, tumeni kwa namba ya malipo ambayo mwalimu wa darasa atawapa. Msitume kwa simu ya mtu binafsi. Kila mchango utapewa risiti, na hesabu yote itabandikwa kwenye ubao wa ofisi kila mwisho wa muhula, pamoja na idadi ya miche iliyo hai na iliyokufa.