Fyuzi nayo huchoka jamani

Mhariri, habari za kazi. Naomba nafasi kidogo maana hili linaniuma, mimi ni fundi umeme huku Mbagala na kila mara naletewa fyuzi za plagi zimezungushiwa karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara au kiwaya cha shaba. Ndugu zangu, fyuzi inalinda waya, ukifanya hivyo waya ndo unageuka fyuzi, unaungua we umelala.

Kuchagua si kazi kubwa, chukua wati za kifaa gawa kwa 230, yaani volti za umeme wa nyumbani, unapata ampea, pasi ya wati 1000 inakula kama ampea 4.3 basi fyuzi ya 5 inatosha, birika la wati 2000 ni karibu 8.7 hapo weka 13.

Sasa vitu vya mota ndo vina mambo. Kuna mama aliniletea fyuzi ya 3, friji lake zima kabisa ila linakata fyuzi kila baada ya miezi kadhaa. Nikaipasua mbele yake, mchanga ukamwagika, kiwaya kimekatika tu katikati. Friji kila likiwaka linavuta umeme mara kadhaa ya kawaida kwa muda mfupi, kiwaya kinapata moto kinatanuka, kinapoa kinasinyaa, siku nzima hivyohivyo mpaka kinachoka kama waya unaoukunjakunja. Kibandiko nyuma kimeandikwa 13 na waya wake unaimudu, nikaweka hiyo.

Na wenye maduka Kariakoo, tuleteeni fyuzi za 3 na 5 pia, kila nikiuliza napewa 13 tu.

Fundi umeme,
Mbagala, Dar es Salaam