Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa TBS: kuhusu nailoni juu ya sufuria la wali

Ndugu Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Viwango Tanzania,

Dada yangu ni mama lishe hapa Morogoro. Wali wake ukikaribia kukauka maji, hutandaza nailoni juu yake, akafunika, akapalia makaa. Nailoni hutuna kwa mvuke, halafu hulala juu ya wali, na akija kuibandua kingo zimesinyaa kwa moto. Mwezi uliopita mteja alimwonyesha klipu kwenye simu: nailoni inaleta saratani na utasa. Akaniuliza, "Kaka, wewe si mwalimu wa kemia, ni kweli?" Nilishindwa kumjibu kwa neno moja.

Nilimweleza kwamba plastiki si kitu kimoja. Mfuko wa nailoni kwa kawaida ni polithini. Bisfenoli A, kemikali ya plastiki inayotajwa sana kwenye hofu hizi na kufupishwa BPA, haitengenezi polithini. Iko kwenye plastiki ngumu ya polikaboneti na utando wa ndani wa baadhi ya makopo ya chakula. Lakini mfuko una rangi na viongezo vingine, na kama haukutengenezwa kwa ajili ya chakula, mpishi hana njia ya kujua umewekwa nini. Joto na mafuta huharakisha kemikali kuhamia kwenye chakula. Hapo wanasayansi hawagombani.

Wanagombana kwenye kiasi kinachodhuru, hata kwa hiyo BPA. Mwaka 2023 mamlaka ya usalama wa chakula ya Umoja wa Ulaya ilishusha kiwango salama cha BPA mara 20,000, hadi nanogramu 0.2 (nanogramu ni sehemu moja ya bilioni ya gramu) kwa kila kilo ya uzito wa mtu kwa siku. Ilitazama mabadiliko ya seli za kinga kwenye panya. Taasisi ya Ujerumani inayopima hatari za vyakula ilipitia suala hilohilo, ikasema mabadiliko hayo hayajathibitishwa kuwa ni ugonjwa, ikaweka nanogramu 200. Wataalamu wa kweli, pande zote mbili, wanapishana mara 1,000! Nani atamweleza haya mama lishe kama si ninyi?

Na wataalamu nao hukosea. Mwaka 2024 utafiti wa Marekani ulipima kemikali za kuzuia moto kwenye vyombo vyeusi vya plastiki vya jikoni. Ili kupata kikomo cha mtu wa kilo 60, watafiti walizidisha 60 kwa nanogramu 7,000 zinazokubalika kwa kila kilo kwa siku, wakaandika 42,000. Jibu ni 420,000. Nanogramu 34,700 walizokadiria kwa siku zikaonekana zinakaribia kikomo, kumbe hazifiki hata sehemu ya kumi yake. Walisahihisha, ila habari ilikwisha kuzunguka dunia. Hata hivyo, kemikali ya kuzuia moto haina kazi kwenye mwiko, na kosa la hesabu halifuti ukweli huo. Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu waliligundua kosa ubaoni kwa dakika moja. Kuyaelewa yote mawili kwa pamoja kulituchukua kipindi kizima.

Ninachoomba kinawezekana. Pimeni ndoo, mabakuli, chupa za watoto na nailoni zinazouzwa masokoni, tena mzipime zikiwa na chakula cha moto chenye mafuta, kwa sababu ndivyo tunavyozitumia. Yatoeni majibu kwa Kiswahili, mkitenganisha lililothibitika na linaloshukiwa. Chombo kisichofaa kwa chakula cha moto kiandikwe hivyo, kwa herufi zinazosomeka. Tulipoacha mifuko ya plastiki ya kubebea tarehe 1 Juni 2019, tulizungumza sana kuhusu mitaro na mifugo. Habari ya sufuria, kwetu hapa, haikufika.

Msisubiri ubishi wa Ulaya uishe. Kuhusu moto na nailoni tunajua ya kutosha kumshauri mtu leo, bila kumtisha.

Kwa sasa dada anafunikia jani la mgomba. Asubuhi anayolikosa sokoni, anarudia nailoni, na jioni ananiuliza kama mmeshasema lolote.

Wako,
Mwalimu wa kemia, Morogoro