Barua ya wazi kwa Waziri wa Mazingira wa Uingereza: rudisha fedha za malango ya Bingley

Agosti 2025

Mheshimiwa Waziri,

YAH: KUFUNGWA KWA MFEREJI WA LEEDS NA LIVERPOOL NA KUPUNGUZWA KWA RUZUKU

Kwanza pokea salamu zangu za heshima. Ninaishi kwenye mashua, juu kidogo ya malango matano ya maji ya Bingley, Yorkshire, yaani vyumba vyenye milango vinavyopandisha na kushusha mashua mferejini. Kwa Kiingereza nimeshaandika kwa ofisi inayohusika. Nilijibiwa kwamba ujumbe wangu umepokelewa, na tangu hapo ni kimya. Basi leo naandika hadharani, tena kwa Kiswahili, ili ndugu zangu walioko Leeds, Bradford na Manchester wajue tunavyoishi huku majini. Nawe, Mheshimiwa, wizara yako haikosi mtafsiri.

Milango imefungwa kwa minyororo na makufuli. Hakuna kupanda, hakuna kushuka. Tangazo lililobandikwa linasema maji hayatoshi, na halisemi lini yatatosha.

Kwa wasiopafahamu, mfereji huu ni maili 127, kutoka Leeds kuvuka milima ya Pennine hadi Liverpool. Ulianza kuchimbwa 1770, ukakamilika 1816. Hapa Bingley ardhi inainuka ghafla, na maji hayapandi mlima. Mhandisi John Longbotham akachora vyumba vitano vya mawe vilivyoshikana, mlango wa juu wa chumba kimoja ukiwa ndio mlango wa chini wa chumba kinachofuata, na waashi wa hapahapa wakavijenga. Mashua inaingia chini, maji yanaiinua chumba baada ya chumba, inatokea juu yapata mita 18 kutoka ilipoanzia. Vilifunguliwa Machi 1774, na inasimuliwa kuwa watu 30,000 walikuja kushuhudia. Ni kazi ya watu waliojua wanachokifanya. Taifa lako limeviweka katika daraja la juu kabisa la majengo yanayolindwa kisheria. Kulindwa huko kuna maana gani kama hakuna fedha ya kubadilishia mbao za milango yake?

Vyumba hivi vina masharti makali. Mashua ikipanda, chumba cha chini kiwe kitupu na vinne vya juu vijae; ikishuka, cha juu kijae na vinne vya chini viwe vitupu. Ukikosea mpangilio unafurika au unakwama. Kwa vipimo vyake, kila chumba kinameza karibu lita laki tatu. Maji hayo yanateremshwa kutoka mabwawa ya huko kileleni, kama yale ya Foulridge, na mabwawa yakikauka mfereji mzima unasimama.

Najua utaniambia ni ukame. Ni kweli. Majira ya machipuko ya mwaka huu yamekuwa makavu kuliko yote yaliyoonekana England kwa zaidi ya miaka 100. Mei ukame ukatangazwa kaskazini magharibi, Juni ukafika kwetu Yorkshire. Lakini hata mwaka 2010 takriban maili 60 za mfereji huuhuu zilifungwa kwa sababu hiyohiyo. Tulipata miaka kumi na mitano ya kujiandaa. Imekwenda wapi?

Mlango wa mwaloni hudumu miaka 25 hivi, halafu huchoka. Ukikosa maji, mbao husinyaa na nyufa hufunguka. Na udongo wa mfinyanzi uliosindiliwa chini ya mfereji nao ukikauka hupasuka. Kwa hiyo ukame unaharibu milango, na milango mibovu inamwaga maji machache yaliyobaki. Mimi si mhandisi. Lakini usiku kukiwa kimya nasikia maji yakichuruzika kwenye mbawa za milango, na hakuna atakayenishawishi kwamba maji yanayopotea hivyo hayana uzito wowote katika shida hii. Nadhani hata mabwawa yangekuwa na akiba kubwa zaidi kama yangetunzwa mapema. Agosti 2019, pale Whaley Bridge, bwawa la Toddbrook linalolisha Mfereji wa Peak Forest lilibomoka sehemu ya kutolea maji, na watu wapatao 1,500 wakahamishwa majumbani mwao. Yale hayakutosha kuwa onyo?

Sasa nikueleze maisha yetu, Mheshimiwa, maana naona katika taarifa zenu tunatajwa kama watu wa matembezi. Mimi sitembei. Natunza wazee usiku, na kodi ya nyumba ilinishinda, ndipo nikanunua mashua hii kuukuu ya chuma. Sheria ya mifereji ya 1995 inanitaka, kwa kuwa sina gati la kudumu, nisikae mahali pamoja zaidi ya siku 14. Naitii. Lakini sasa mfereji wenyewe umenifunga. Bomba la maji ya kunywa liko ng'ambo ya malango, na pa kumwagia choo ni hukohuko. Nikitoka kazini asubuhi, badala ya kulala, nabeba madumu kwenye toroli kandokando ya mfereji. Mgongo unauma. Mwanangu ananiuliza kwa nini tunaoga kwa kikombe wakati tunaishi juu ya maji, na sina la kumjibu ambalo mtoto atalielewa. Mtungi wa gesi nao nauburuta mwenyewe, kwa sababu mashua ya mafuta na gesi haiwezi kutufikia. Leseni nimeilipa yote, kwa bei iliyopanda, na hakuna aliyenirudishia hata peni moja.

Mwaka 2012 serikali ilipoikabidhi mifereji kwa taasisi ya hisani, ilisaini mkataba wa ruzuku wa miaka 15, na tukaambiwa mifereji ni amana ya taifa. Julai 2023 likaja tangazo: kuanzia 2027 itatolewa pauni milioni 401 kwa miaka kumi, ikipungua asilimia tano kila mwaka. Bei ya mwaloni inapanda, mishahara ya mafundi inapanda, mvua haitabiriki, na ruzuku inashuka! Najua hukuwa wewe uliyetangaza siku ile. Ila kiti ulichokalia ndicho kile, kalamu unayo, na punguzo lile bado lipo.

Siombi unishushie mvua. Naomba punguzo hilo lifutwe kabla ya 2027. Fedha za milango na mabwawa zisipungue hata pauni moja. Kama kuna jambo moja tu utakaloweza kulifanya, liwe hilo: lifute punguzo hilo. Tafadhali, Mheshimiwa, lifute, na utupe jibu lenye tarehe, si jibu la kwamba barua imepokelewa.

Wako kwa heshima,

Mkazi wa mashua,
Bingley, Yorkshire