Barua ya wazi kwa Waziri wa Mifugo na Uvuvi: konyeza wa Rufiji wahesabiwe pamoja na chumvi ya maji

Mheshimiwa Waziri,

Konyeza, wale viumbe laini wa baharini wanaoelea, wakijaa kwenye nyavu za kambamiti, jibu la haraka ni kwamba bahari imepata joto. Ni kweli, lakini ni nusu ya habari. Pwani yetu maji ya juu huwa na nyuzi 25 hivi wakati wa kusi, na hupanda hadi karibu 30 kaskazi inapoelekea kwisha. Chumvi ndiyo inayoyumba zaidi: bahari ya wazi ina gramu 35 hivi kwa kilo moja ya maji, ilhali kwenye milango ya delta ya Rufiji, mto unapoingia baharini, wakati wa masika inaweza kukaribia sifuri. Tunakuomba uagize vyote viwili vipimwe, tena siku ileile konyeza wanapohesabiwa.

Konyeza wengi wana maisha mawili. Kabla ya kuelea huwa polipu, kidude cha milimita chache kilichojishika kwenye gamba la chaza au nguzo ya gati. Polipu mmoja hujikata kama sahani zilizopangwa, na kila sahani hutoka ikiwa konyeza mchanga. Badiliko la joto ndilo linaloanzisha kazi hiyo: kwa spishi za nchi za baridi mara nyingi ni joto kushuka, kwa nyingi za ukanda wetu ni kupanda. Lakini chumvi ikianguka ghafla polipu hujikunja na kuacha kula, na hali hiyo ikiendelea wengi hufa kabla hawajazaa chochote.

Konyeza mkubwa naye hawezi kurekebisha chumvi ya mwili wake. Huwa sawa na ya maji yaliyomzunguka. Maji ya mto yakitanda juu, yeye ni mzito kuliko maji hayo, hivyo hubaki chini yake. Ndiyo maana mtu hutazama juu ya maji akasema wameondoka, kumbe wavu ukishushwa mita tano unajaa.

Mfano wa wenzetu unafundisha. Mnemiopsis, kiumbe laini kinachofanana na konyeza, aliletwa Bahari Nyeusi na maji ya kusawazishia meli mwanzoni mwa miaka ya 1980, na kuelekea mwisho wa muongo huo uvuvi wa dagaa wa huko ulianguka. Baadaye akaingia Bahari ya Baltiki. Huko, penye chumvi chini ya gramu 10, anaishi lakini hazai ipasavyo. Kumwona mahali, basi, si ushahidi kwamba anazaliana hapo.

Bwawa la Julius Nyerere, lililo kwenye Mto Rufiji huohuo, lilianza kujazwa Desemba 2022. Bwawa la umeme hushika maji ya masika na kuyaachia kidogo kidogo kiangazi, kwa hiyo kalenda ya chumvi deltani haiwezi kubaki ileile. Hatusemi bwawa litaleta konyeza. Tunasema bila vipimo hakuna atakayeweza kulilaumu wala kulitetea.

Kazi yenyewe haihitaji meli. Vituo vitatu vinatosha: ndani ya mlango mmoja wa delta, nje yake, na kuelekea Mafia. Vipimwe mara mbili kwa mwezi, bamvua na maji mafu, daima saa ya kwanza baada ya maji kujaa, kwa sababu ndani ya saa sita za kupwa chumvi ya mlangoni hubadilika kuliko inavyobadilika nje kwa miezi. Joto na chumvi vichukuliwe kwenye kina cha nusu mita na cha mita tano. Kipimo cha chumvi cha mkononi cha kutazama kwa jicho hukosea takriban gramu moja, na zaidi kikisawazishwa kwa maji ya chupa ya kunywa badala ya maji yaliyotoneshwa, yaani yasiyo na chumvi. Afadhali kipimo cha chumvi cha kielektroniki chenye waya mrefu.

Wavu uwe na mdomo wenye kipenyo cha sentimita 50, uvutwe wima polepole. Ukiharakishwa viumbe hivi huraruka na hesabu haina maana. Ukivutwa mita 20 umechuja mita za ujazo 3.9, hivyo konyeza 11 ni 2.8 kwa kila mita ya ujazo. Wahesabiwe palepale mashuani wakiwa hai. Wale wa jamii ya Mnemiopsis wakitiwa formalini, dawa ya kuhifadhia viumbe, huyeyuka, na maabara itaandika hawakuwepo. Sifuri ya kweli nayo iandikwe: daftari linalofunguliwa konyeza wanapojaa tu halina cha kulinganisha.

TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, wana wataalamu, na vikundi vya BMU, vya wavuvi wanaosimamia rasilimali za pwani, vina mashua na watu wanaoyajua maji hayo. Kinachokosekana ni agizo lako, pamoja na makubaliano na Bodi ya Maji Bonde la Rufiji kwamba takwimu za kila siku za maji yanayoachiwa bwawani zitolewe hadharani. Tunaomba vipimo vianze kabla ya masika ijayo.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Wapimaji wa maji na viumbe wa bahari