Mhariri, mmeisahau Uhuru ya Ngomeni

Kwa Mhariri,

Toleo lako la Sikukuu ya Jamhuri nililisoma lote, hadi matangazo ya vifo. Ukurasa wa sayansi uliahidi visa vya kushangaza, na visa vilikuwapo: tofaa la Newton, Archimedes akitoka bafuni mbio bila nguo. Sina ugomvi navyo, ingawa hicho cha bafuni hata wajukuu zangu wamekichoka. Nilichokikosa ni kisa cha setilaiti iliyorushwa tarehe hiyohiyo ya 12 Desemba, hapa hapa Pwani, tena yenye jina la Kiswahili.

Mwaka 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru, roketi ndogo aina ya Scout iliruka kutoka jukwaa la San Marco, lile lililosimama baharini mbele ya Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Waliorusha ni Wataliani. Mzigo ulikuwa wa Wamarekani: setilaiti ya kilo 140 hivi, ambayo kwenye makaratasi ya NASA, shirika lao la anga, iliitwa SAS-1. Marjorie Townsend, mama aliyeusimamia mradi huo, akaipa jina la Uhuru kwa heshima ya siku ile na ya nchi iliyowapokea. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani kutengenezwa kwa kazi moja tu, kuchunguza eksirei, miale ya aina ile ile ya hospitali, zitokazo kwenye nyota.

Najua mwandishi wako angekomea hapo: "ya kwanza duniani", picha ya roketi, basi. Mimi nataka aulize swali ambalo mtoto yeyote angeuliza. Kwa nini Ngomeni?

Eksirei za angani hazifiki ardhini. Angahewa huzimeza, na ni heri yetu. Kwa hiyo anayetaka kuziona hana budi kupeleka chombo juu ya hewa. Kabla ya Uhuru, wataalamu walitumia roketi zilizopanda, zikachungulia kwa dakika chache, kisha zikaanguka. Kwa njia hiyo, Juni 1962, mwanafizikia Riccardo Giacconi na wenzake waligundua chanzo cha kwanza cha eksirei nje ya familia ya jua letu. Lakini hiyo ilikuwa sawa na kutaka kulijua soko la Malindi kwa kulichungulia kutoka kwenye dirisha la matatu isiyosimama.

Setilaiti hukaa juu, lakini nayo ina adui. Dunia imezungukwa na mikanda ya chembe zenye chaji ya umeme, na upande wa Atlantiki ya Kusini, kuelekea Brazil, mikanda hiyo hushuka chini sana. Chombo cha kupima eksirei kikipita humo hujaa kelele, kisijue kipi kimetoka kwenye nyota na kipi ni takataka za njiani. Dawa yake ni kuizungusha setilaiti karibu na mstari wa ikweta, ikwepe sehemu kubwa ya balaa hilo. Sasa tazama ramani. Cape Canaveral, wanakorushia Wamarekani, iko nyuzi 28 kaskazini, na roketi ikirushwa kutoka huko njia yake huinama kutoka ikweta angalau kwa kiasi hicho hicho. Kuinyoosha huko juu kunataka mafuta mengi, na Scout haikuwa roketi ya kubeba ziada. Ngomeni iko nyuzi 3 tu kusini ya ikweta. Juu ya hayo, mzunguko wa dunia wenyewe huisukuma roketi, na msukumo huo una nguvu zaidi ikweta kuliko kwingine kote. Hatukupewa heshima kwa sababu ya ukarimu wetu, Mhariri. Ni mahali petu palipofaa.

Huko juu Uhuru ilijizungusha polepole, mzunguko mmoja kwa dakika 12 hivi, ikifagia anga ukanda kwa ukanda, hadi Machi 1973. Orodha yake ya mwisho ina vyanzo 339. Kimojawapo, Cygnus X-1, kilikuwa kimeshajulikana, lakini Uhuru ndiyo iliyoonyesha kwamba mwanga wake wa eksirei unapanda na kushuka kwa muda usiofika sekunde moja. Hapa ningemwomba mwandishi asikimbie. Mwanga huenda kilomita 300,000 kwa sekunde, na kitu hakiwezi kumetameta chote kwa pamoja upesi kuliko mwanga unavyokivuka. Kwa hiyo, hicho kinachometameta ni kidogo mno, kidogo kuliko nyota ya kawaida. Wenye darubini walipotazama mahali hapo waliona nyota kubwa ya buluu ikizungushwa, kila siku 5.6, na kitu kizito kisichoonekana. Hilo ndilo shimo jeusi, yaani kitu chenye mvuto mkali ambao hata mwanga hauuponyoki, la kwanza ambalo wataalamu wa falaki walilikubali kwa ushahidi. Mwanafizikia Mwingereza Stephen Hawking aliweka dau na mwenzake Kip Thorne kwamba si shimo jeusi, na mwaka 1990 akakiri ameshindwa. Giacconi, yule wa roketi ya 1962, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002 kwa kazi hiyo ya eksirei za angani.

Hata Erasto Mpemba, mliyempa sentensi mbili, mlimkata mkia. Mlisema kijana wa shule ya Magamba, Tanganyika, aligundua mwaka 1963 kwamba maziwa ya moto huganda kabla ya yale yaliyopoa, akachekwa, kisha Profesa Osborne wa Dar es Salaam akamwamini. Sawa. Mngeongeza kwamba wataalamu hawajamaliza kubishana: mwaka 2016 watafiti wawili wa Uingereza walirudia vipimo wakasema hawauoni ushahidi. Kuna mtoto mahali fulani mwenye friji nyumbani ambaye angejaribu usiku huohuo.

Nami sina usafi wa kunyooshea watu vidole. Nimefundisha fizikia miaka mingi. Mwanafunzi mmoja wa Ngomeni, mtoto wa mvuvi, aliwahi kuniuliza ile minara ya Wataliani kule baharini ilirusha nini. Nikamjibu, "Roketi. Fungua ukurasa wa 40." Sikujua, na sikutaka aone kwamba sijui. Niliyoyaandika hapa niliyasoma baada ya kustaafu, na mpaka leo sijui kijana yule yuko wapi nimpelekee jibu lake.

Ningemwambia pia jambo hili moja. Vyanzo vile vya eksirei bado vinaitwa kwa namba za orodha ile: 4U 1820-30, 4U 1626-67, na vinginevyo vingi. Mtaalamu wa Japani au Chile huandika herufi hizo kila siku. Hiyo 4 ni orodha ya nne. Hiyo U ni Uhuru.

Ukiamua kukichapa kisa hiki, usimwachie mwandishi akimalizie mezani Nairobi. Mlete Malindi. Wapo wazee waliopika, waliolinda na waliovusha watu kwa mashua kwenda kwenye jukwaa lile, na hawazidi kuwa vijana. Nitamsindikiza mwenyewe mpaka Ngomeni. Aje na kofia, jua la kule halina utani.

Mwalimu mstaafu,
Malindi